Usaha ulikauka, sasa korodani inauma. Bado ni UTI?

Shikamoo daktari,

Mimi ni fundi vigae, nina miaka 31. Nyumbani ni Morogoro ila siku hizi kazi zangu karibu zote ziko Dodoma, maana huku majengo hayaishi. Nina mke na mtoto mmoja, na mke wangu ana ujauzito wa miezi sita.

Nitasema wazi kwa kuwa hunijui. Huku Dodoma nina dada nilianza naye mahusiano. Mwanzoni tulitumia kondomu, tulipozoeana tukaacha. Siku kama nne baada ya kulala naye mara ya mwisho nikaanza kusikia moto nikikojoa. Kesho yake boksa ilikuwa na doa la njano, na nikijikamua unatoka usaha mzito. Nikaenda duka la dawa jirani na saiti. Muuzaji hakuniuliza mengi, akasema hiyo ni UTI, nyie mafundi hamnywi maji. Akanipa vidonge vya sipro na zile kapsuli za rangi mbili. Nilipomeza siku tatu moto ukapoa, usaha ukakauka, nikajua nimepona. Zilizobaki ninazo kwenye begi mpaka leo.

Sikukuu nikaenda Morogoro, nikalala na mke wangu. Wallahi sikuwa na dalili yoyote. Ningekuwa nayo nisingethubutu.

Nimerudi Dodoma wiki ya pili sasa. Kila nikiamka, kabla sijakojoa, naona tone moja la utelezi na tundu la mkojo limegandana. Halafu siku hizi mbili tatu korodani ya kushoto imekuwa nzito, inauma nikipiga magoti kutandika vigae. Mwenzangu saiti anasema ni ngiri, kaniletea mizizi ya kuchemsha. Mwingine kanitisha kabisa, anasema yule dada ana mume wake, nitakuwa nimenaswa na tego. Tangu aseme hivyo silali vizuri.

Kuna kitu kingine sijui kama kinahusika. Kama mwezi mmoja kabla ya huo usaha niliona kidonda kidogo chini ya kichwa cha uume. Hakikuuma wala hakikuwasha, nikadhani nimejikwaruza na zipu. Kikapona chenyewe.

Juzi mke wangu amenipigia analalamika kuwa uchafu ukeni umeongezeka, ila mwenyewe anasema ni mambo ya ujauzito. Alipoanza kliniki alipimwa VVU na kaswende, hakukutwa na kitu. Mimi sikwenda naye, nilikuwa kazini, lakini nachukulia majibu yake ndiyo yangu. Isitoshe mimi nimetahiriwa.

Naomba uniambie huu ni ugonjwa gani na ninunue dawa gani. Naweza kuchukua dozi mbili, ya kwangu na ya mke wangu, ya kwake nikamsagia kwenye uji asijue? Nampenda na sitaki nyumba ivunjike. Kituo cha afya cha kwetu nesi ni shemeji yake. Na la mwisho, kuzunguka kichwa cha uume nina vipele vidogo vyeupe vimejipanga mstari, vipo tangu niko sekondari. Navyo ni zinaa?

Fundi, Dodoma


Marahaba fundi.

Nianze na korodani, maana hiyo haisubiri. Ukimaliza kusoma hapa nenda hospitali leo, usiseme mpaka kazi ya wiki hii iishe. Kijana akitokwa usaha, akameza dawa nusunusu, kisha korodani moja ikaanza kuwa nzito na kuuma taratibu, mara nyingi vijidudu vimepanda kutoka njia ya mkojo hadi kwenye mrija unaokaa nyuma ya korodani, ule unaohifadhi mbegu. Ukitibiwa mapema unapona vizuri. Ukiendelea kuchemsha mizizi, panaweza kutunga jipu, au mrija ukaziba, na habari ya kuongeza mtoto ikawa shughuli nzito.

Kuna maumivu mengine ya korodani ambayo hayana uhusiano wowote na ngono, nayo ni korodani kujisokota. Huja ghafla, makali mno, mtu anatapika, na korodani inaonekana imepanda juu. Hapo una kama saa sita za kuiokoa, na tiba yake ni upasuaji. Ulivyoeleza si hivyo, lakini ikitokea usiku maumivu yakalipuka namna hiyo, usingoje kuche.

Ngiri ya kweli ni utumbo uliopenya kwenye misuli ya kinena. Utaona uvimbe unatokeza ukisimama au ukikohoa, ukilala unarudi, na tiba yake ni upasuaji. Ngiri haitoi usaha. Kuhusu tego, sina kipimo chake. Ninachokijua ni kwamba kisonono huanza kuonekana siku mbili hadi saba baada ya tendo, na wewe umeniandikia siku nne.

Sasa hiyo UTI. Naelewa kwa nini dukani wanaipenda: ni ugonjwa wenye heshima zake, unaweza kuutaja hata mbele ya mama mkwe. Lakini kwa mwanaume wa miaka 31 asiye na tatizo la figo wala kibofu, UTI ya kawaida si jambo la kila siku, kwa sababu mrija wetu wa mkojo ni mrefu na vijidudu vya haja kubwa vina safari ndefu kufika kibofuni. UTI ya kibofu inakupeleka chooni kila mara, unatoa mkojo kidogo kidogo, na chini ya kitovu panauma. Haipaki boksa rangi ya njano. Mwanaume anayefanya ngono akitokwa usaha uumeni, tabibu anauhesabu kuwa ni ugonjwa wa zinaa mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Na wewe muuzaji hakukuuliza hata kama una mwenza! (Kwa wasomaji waliokulia Usukumani wakiogelea kwenye mabwawa na madimbwi: mkojo wenye damu, hasa ule wa mwishomwisho, unaweza kuwa kichocho. Kapimeni, ila nacho hakitoi usaha.)

Kwa ulivyoeleza, nadhani ulikuwa na magonjwa mawili kwa mpigo. Usaha mzito wa njano pamoja na moto mkali ndani ya siku chache ni mwendo wa kisonono. Kisonono mara nyingi husafiri na klamidia, ambayo yenyewe haina haraka: hukaa wiki moja hadi tatu kabla ya kuonyesha chochote, na inachoonyesha ni kidogo tu. Tone la asubuhi, utelezi mweupe au usio na rangi, tundu la mkojo kugandana, muwasho kwa ndani. Ukishakojoa asubuhi unalisafisha tone lenyewe na mchana kutwa huoni kitu. Na wanaume wengi wenye klamidia, pengine nusu yao au zaidi, hawaoni hata hilo tone.

Zile dawa zako zilifanya nini? Sipro ilikuwa tegemeo la kutibu kisonono zamani. Vijidudu vyake vimeizoea, na tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 dawa za kundi hilo hazipendekezwi tena kwa kisonono. Siku hizi msingi wa tiba ni sindano, na mara nyingi huongezewa vidonge vya kushughulikia klamidia. Wewe ulimeza dawa isiyoaminika, ukaikatisha siku ya tatu. Usaha kupungua kulikuwa moto kufunikwa majivu. Vilivyobaki ndani ni vile vijidudu vilivyoistahimili dawa, na hivyo ndivyo ulivyopanda navyo basi kwenda Morogoro.

Hapa ndipo sikubaliani nawe kabisa, fundi. Barua yako yote unajipima kwa macho. Usaha upo, naumwa. Usaha haupo, nimepona, naweza kulala na mke wangu. Wanaume wengi wanafikiri hivyo, kwa sababu mwili wetu uko wazi na tumezoea kujikagua. Tazama hesabu za Shirika la Afya Duniani. Kwa mwaka 2020 lilikadiria maambukizi mapya milioni 374 duniani ya magonjwa manne ya zinaa yanayotibika, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Trikomona ilikuwa milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82, na kaswende milioni 7 na kidogo. Kisonono, ambacho kila mwanaume anakijua kwa jina la gono na anaweza kukusimulia dalili zake, ni cha tatu. Viwili vilivyokitangulia ni vile ambavyo mwanaume anaweza kutembea navyo miezi bila kuona chochote. Trikomona kwa wanaume ni kimya zaidi hata kuliko klamidia, ilhali mwanamke ndiye anayewashwa na kutokwa uchafu wenye harufu. Na kama kuna ngono ya mdomo, kisonono kinaweza kukaa kooni pasipo kukwaruza hata kidogo.

Sasa kile kidonda, ambacho umekitaja kama kitu kidogo. Mimi ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko usaha.

Kidonda kimoja, hakiumi, hakiwashi, kimekaa kwenye uume na kupona chenyewe bila dawa: hivyo ndivyo kaswende inavyoanza. Hutokea siku 10 hadi 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kwenye wiki ya tatu. Ukikigusa kina kingo ngumu kidogo na chini yake ni safi, na mitoki ya kinena inaweza kuvimba nayo bila kuuma. Ndani ya wiki tatu hadi sita kinafunga. Mwenye nacho hushukuru, kumbe ugonjwa umeingia kwenye damu. Wiki chache au miezi baadaye unaweza kuona upele usiowasha mwilini, hata kwenye viganja na nyayo, mahali ambapo vipele vingi vya aina nyingine huwa haviendi. Wengine nywele zinadondoka kwa mabaka, wengine wanapata homa na kuchoka wakadhani ni malaria. Hayo nayo yanapita yenyewe. Baada ya hapo kaswende inaweza kukaa kimya miaka mingi, na ikija kuamka inashambulia moyo, mishipa mikubwa ya damu, ubongo au macho.

Tofautisha na vidonda vingine. Malengelenge ya sehemu za siri huanza kwa kuchomachoma, vinatokea vimalengelenge vidogo kwa pamoja, vinapasuka na kuwa vidonda vinavyouma sana, vinapona, na baada ya muda vinarudi palepale. Hayo ni virusi, dawa zipo za kuyatuliza ila hayaondoki moja kwa moja mwilini. Pangusa ni kidonda chenye kingo zilizochimbika, kinauma, kinavuja damu ukikigusa, na mitoki yake inauma na inaweza kutunga usaha. Wazee wanaikumbuka zaidi kuliko vijana, siku hizi imepungua sana. Vinyama vinavyoota kama vichwa vya koliflawa, yale masundosundo, vinatokana na virusi vingine na havina moto wala usaha. Muwasho na wekundu kwenye kichwa pamoja na utando mweupe ni fangasi mara nyingi, na mwanaume anayepata fangasi hapo tena na tena apime sukari.

Hayo nimeyaeleza ili ujue, ila sitaki uyatumie kujitibu. Vidonda havifuati kitabu. Kidonda cha kaswende kikiingiliwa na vijidudu vingine kinauma, na malengelenge ya mara ya kwanza yanaweza kuonekana kama mchubuko wa zipu. Kwa kaswende kipimo ni damu, na majibu ya kipimo cha haraka unayapata ukiwa umekaa palepale. Ukikutwa nayo, dawa yake ni penisilini ya sindano, ileile iliyotumika tangu miaka ya 1940, na kaswende haijaishinda mpaka leo. Kama penisilini imewahi kukudhuru, mwambie tabibu kabla hajachoma. Usiku wa sindano unaweza kupata homa, baridi na kichwa kuuma. Mara nyingi ni mwili unashughulika na vijidudu vinavyokufa, na ndani ya siku moja inatulia. Lakini ukivimba uso au kupumua kwa shida, hiyo ni aleji, rudi hospitali mbio.

Kutahiriwa, ndugu yangu, kunapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Hakukukingi na kisonono wala klamidia, na umeshaona mwenyewe.

VVU nimefika sasa. Usaha na vidonda hufungua mlango, virusi vinaingia kirahisi zaidi. Tanzania tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kulionyesha hilo kwa vitendo. Miaka ya mwanzo ya 1990, vijijini mkoani Mwanza, watafiti waliimarisha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida kabisa, kwa dawa na mafunzo kwa watumishi. Ndani ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU kwenye maeneo hayo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko kwenye maeneo mengine yaliyolinganishwa nayo. Utafiti ulichapishwa mwaka 1995. Uganda baadaye walijaribu njia nyingine, ya kuwapa dawa watu wote kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, na hawakuona upungufu huo. Mimi ninachochukua hapo ni kwamba anayeumwa akatibiwa haraka na sawasawa pale anapoishi, faida yake inavuka uume wake.

Kwa hiyo pima VVU siku hiyohiyo, na urudie baada ya miezi mitatu, kwani maambukizi mapya huweza yasionekane mapema. Dawa za dharura za kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72 baada ya tendo, kwako muda huo umepita. Ukikutwa huna, uliza kuhusu dawa kinga, zile anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, ikiwa unajua maisha ya saiti yatakuwa yaleyale. Sikuhukumu, nakuuliza kama mtu mzima.

Mke wako ndiye sehemu ngumu ya barua hii, nawe unalijua hilo.

Majibu yake si yako. Alipimwa kabla hujamrudia na vijidudu hivi, na kipimo cha VVU kilipima damu yake, si yako. Kliniki ya wajawazito huwaita wanaume waende pamoja na wake zao kwa sababu hiyohiyo. Halafu vipimo alivyofanyiwa, VVU na kaswende, havitafuti kisonono wala klamidia. Uchafu anaouona unaweza kuwa wa ujauzito kweli, au fangasi, ambazo wajawazito hupata sana. Unaweza pia kuwa ulichompelekea. Kwa simu hakuna anayeweza kujua, mimi wala wewe.

Kaswende ya mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kufia tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati au kuzaliwa nayo. Kisonono na klamidia humpata mtoto anapopita njiani: macho yanajaa usaha siku za mwanzo, na kisonono kinaweza kumpofusha. Klamidia humletea pia nimonia. Mke wako yuko miezi sita. Muda wa kumtibu upo na unatosha, akitibiwa sasa mtoto analindwa. Hata ikija kuonekana ana VVU, dawa zikianza mapema na akaendelea nazo wakati wa kunyonyesha, uwezekano wa kumwambukiza mtoto unashuka chini ya asilimia 5.

Ndiyo maana nasema uji usiuguse. Doksi, dawa ambayo wanaume wengi hupewa kwa klamidia, hawapewi wajawazito, kwa kuwa inaathiri meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Ungemsagia dozi yako kwa mapenzi yote hayo ukamdhuru uliyetaka kumlinda. Kaswende ya mjamzito tiba yake ni penisilini ya sindano, na hakuna uji unaoweza kuibeba. Na hata kama dawa zingekuwa salama, kumnywesha mtu mzima dawa asizozijua ni kumnyang'anya mwili wake. Hilo akiligundua litamuuma kuliko habari ya yule dada.

Mwambie mwenyewe, na kabla hajaenda kliniki kupimwa tena akayasikia kwa nesi. Panda basi, usimwambie kwa ujumbe wa simu. Anza na afya, mengine yafuate: "Nimepimwa nimekutwa na maambukizi ya zinaa. Nilitoka nje ya ndoa. Unatakiwa upimwe wiki hii, kwa ajili yako na ya mtoto aliye tumboni, na nitakwenda na wewe." Usimwage maelezo mengi na usimlaumu dada wa Dodoma mbele yake. Atakasirika, anaweza kulia, anaweza kwenda kwao kwa muda. Sina uwezo wa kukuahidi kuwa ndoa itabaki. Ukiona maneno yatakushinda, kituo watakachokutibu wanaweza kukupa kadi ya kumwita mwenza, na kumpokea hapo mkiwa wawili pamoja na mshauri. Wengi imewasaidia kuwa na mtu wa tatu chumbani.

Yule dada naye lazima ajue. Usimpigie kumtukana. Wanawake wengi wenye kisonono na klamidia hawana dalili, anaweza kuwa nayo bila kujua, na ikikaa muda mrefu inamharibia kizazi. Wala usikae na kalenda kutafuta nani alimwambukiza nani. Kidonda chako kilitangulia usaha kwa mwezi, na klamidia inaweza kukaa kimya miezi mingi, hivyo dalili hazitakupa ushahidi wa kumhukumu mtu. Waambie wote uliolala nao miezi michache iliyopita.

Hospitali yenyewe isikutishe. Uko Dodoma, vituo ni vingi, wala hutahitaji kumwona shemeji. Dirishani usitaje ugonjwa mbele ya foleni, sema una shida binafsi unataka kumwona daktari. Ukiweza usikojoe kwa saa moja au mbili kabla, ili kipimo kipate kitu. Zile dawa zilizobaki kwenye begi zichukue na maboksi yake ukamwonyeshe, usizimeze wala usimgawie fundi mwenzako. Atakuuliza maswali ya chumbani, jibu kweli, pamoja na habari ya mdomo na ya njia ya nyuma kama ipo. Atakuangalia, ataigusa korodani, utatoa mkojo na damu. Hata pasipo na maabara kubwa watakutibu siku hiyohiyo kwa kufuata dalili, ndivyo miongozo yetu inavyoelekeza, na kwa tone la utelezi watakupa dawa za magonjwa zaidi ya moja kwa pamoja. Maliza dozi hata ukijisikia mzima siku ya pili. Hakuna ngono, hata ya kondomu, mpaka wewe na mwenza mmemaliza dawa na siku saba zimepita tangu hapo. Kidonda kikiwa bado hakijafunga, ngoja kifunge. Ukiona tone baada ya wiki moja, rudi palepale, usihamie dukani. Kwa korodani vaa chupi inayobana kidogo kuinyanyua, na kupiga magoti kwenye vigae kuache siku kadhaa.

Nikujibu na la sekondari. Vipele vidogo vyeupe vya ukubwa mmoja, vimejipanga mstari kuzunguka shingo ya kichwa cha uume, haviumi, haviwashi, haviongezeki: hayo ni maumbile, wanaume wengi wanayo, na hayaambukizi mtu. Mwonyeshe tabibu ukiwa hapo ayaone kwa macho yake, kisha yaache. Usiyabinye wala usiyapake dawa ya meno.